Kope Likianguka

Fungua nami 1 Samweli 16:7. Samweli anafika kwa Yese na pembe ya mafuta, anamwona Eliabu, mrefu, mtanashati, anafikiri ndiye huyu. Mungu anamsahihisha: wewe unatazama sura, mimi natazama moyo.

Dada mmoja aliniuliza baada ya ibada, "Pastor, sindano ya kuondoa makunyanzi ni dhambi?" Kabla hatujafika kwa dhambi, tujue tunanunua nini. Mimi nilisomea biashara, na hapo ndipo huwa naanzia.

Botox ni sumu ya bakteria, inayotumiwa kwa kipimo kidogo sana. Inazuia ujumbe wa neva usifikie msuli. Msuli unalegea, ngozi inanyooka. Ilianza kama dawa ya macho: Marekani waliiidhinisha mwaka 1989 kwa makengeza na kwa kope zinazojifunga zenyewe. Ya makunyanzi kati ya nyusi ikaja 2002. Kwa hivyo si uchawi.

Lakini ikisambaa hadi msuli usiokusudiwa, kope linaanguka. Jicho linakauka ama linatoa machozi ovyo. Wengine wanaona vitu viwili viwili. Mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe baada ya wiki kadhaa, lakini hizo wiki utaendeshaje gari? Na urembo wenyewe hudumu kama miezi 3 hadi 4, halafu unalipa tena. Hapo hujanunua, mpendwa. Umepanga nyumba!

Simhukumu mtu. Ukiamua, nenda kwa daktari aliyesajiliwa. Mwambie ukweli kama una mimba, unanyonyesha ama una ugonjwa wa misuli. Na wewe ambaye tayari jicho limekusumbua, usijifiche nyumbani na miwani nyeusi ukiogopa kanisa litasema nini. Nenda kwa daktari wa macho. Ukishindwa kumeza ama kupumua, kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Tutakuombea ukiwa njiani.

Kanisa, nasi tujiulize: ni nani aliyemfanya dada yetu aone aibu kuzeeka? Ni yale maneno tunayotupiana pale mlangoni, "Siku hizi umezeeka!"

Kumbukumbu la Torati 34:7 inatuambia Musa alikufa na miaka 120, na macho yake yalikuwa bado yanaona vizuri. Makunyanzi yake hakuna aliyeyahesabu.

Mwambie jirani yako: Mungu anakufahamu kwa uso huo huo. Amina.