Mila ni Mali ya Nani?

Methali husema, mwacha mila ni mtumwa. Neno hili ni la kweli, lakini halikusema mila ni ipi, wala halikumtaja mtu aliyepewa amana ya kuilinda. Watu wawili waweza kuishika methali hiyo hiyo moja: mmoja akaitumia kujikinga na dharau ya wageni, na mwenziwe akaitumia kumfungia ndugu yake nje ya nyumba ya baba yao. Kwa hiyo swali la mila si swali la ukale peke yake. Ni swali la haki pia. Mfano mmoja wa kulipima swali hili unapatikana mbali sana, katika mji mdogo wa Lerwick, visiwani Shetland, kaskazini ya Uskoti.

Visiwa hivyo viko karibu na digrii 60 kaskazini ya Ikweta. Katika siku fupi za Desemba jua huonekana kwa muda usiotimia saa 6, kisha giza hurudi na upepo wa bahari ukavuma juu ya nchi isiyo na miti mingi ya kuuzuia. Mahali kama hapo moto si pambo. Ni faraja, na ni ahadi kuwa mchana utarefuka tena. Basi kila Jumanne ya mwisho ya Januari watu wa Lerwick hufanya sherehe ya moto iitwayo Up Helly Aa, jina lenye maana ya kumalizika kwa siku takatifu za Krismasi.

Kazi ya sherehe huanza miezi mingi kabla. Mafundi wa kujitolea huunda jahazi zima lenye kichwa cha joka, kwa mfano wa vyombo vya Waviking waliotembea bahari zile zamani. Wengine hutengeneza mienge, wengine hushona mavazi na kupamba ngao. Mkuu wa sherehe, aitwaye Jarl, hungoja yapata miaka 15 tangu kuchaguliwa katika halmashauri mpaka zamu yake ifike, na zamu yenyewe ni ya siku moja tu. Usiku taa za barabarani huzimwa, na waandamanaji karibu elfu moja hupita na mienge yao. Hulizunguka jahazi, kisha hutupa moto ndani yake, na kazi ya miezi huwa majivu kwa muda mfupi. Baada ya hapo vikosi huzunguka kumbi za mji usiku kucha, vikicheza ngoma na michezo ya kuchekesha. Sherehe haiahirishwi kwa mvua, wala kwa theluji, wala kwa dhoruba.

Walakini, kwa zaidi ya karne moja wanawake wa Lerwick hawakuruhusiwa kushika mwenge katika maandamano hayo, wala wasichana hawakuruhusiwa katika maandamano madogo ya wavulana. Kazi yao ilikuwa kupika, kushona, kutunza kumbi na kuwapokea waandamanaji mpaka alfajiri. Hakuna aliyedai kuwa mchango huo ulikuwa mdogo. Bila ya chakula chao na uvumilivu wao usiku ule usingefika mwisho wake. Lakini kusifiwa kwa kazi ni jambo moja, na kuhesabiwa miongoni mwa wenye shughuli ni jambo jingine.

Insafu yataka hoja za waliolilinda sharti hilo zisikilizwe kwa ukamilifu. Haifai kudhani kuwa wote walisukumwa na chuki. Walisema kuwa jambo lile limekuwa hivyo tangu zamani, na kuwa kila mtu alikuwa na nafasi yake. Na wako wanawake waliosema vivyo hivyo, wakijivunia kumbi zao. Walisema tena kuwa mji wa watu wachache hauna budi kujilinda na hukumu za wageni, ambao huja kutazama kwa usiku mmoja na asubuhi huwa wamekwisha kuwa washauri. Hoja hii ya mwisho ina uzito. Mila ikibadilishwa kwa hofu ya macho ya nje huacha kuwa mila, ikawa maonyesho.

Lakini hoja ya ukale haisimami ikipimwa kwa historia. Ni kweli kwamba Shetland ilikuwa chini ya Norwe mpaka ilipowekwa rehani kwa mfalme wa Uskoti mwaka 1469, na uhusiano wa visiwa hivyo na watu wa kaskazini si hadithi ya kubuniwa. Sherehe yenyewe, hata hivyo, ni changa zaidi. Katika karne ya 19 vijana wa Lerwick walikuwa wakikokota mapipa ya lami yenye kuwaka katika njia nyembamba za mji, kwa kelele na hatari kubwa, hata desturi hiyo ikakomeshwa katika miaka ya 1870. Maandamano ya mienge ya Up Helly Aa yalianza mwaka 1881, jahazi la kwanza likachomwa mwaka 1889, na cheo cha Jarl kikaja mwanzoni mwa karne ya 20. Yaani, waliodhaniwa kuwa wamepokea mila kutoka kwa Waviking waliipokea kutoka kwa babu zao wa zama za Malkia Victoria, nao babu hao waliitengeneza kwa kuacha jambo moja na kuanzisha jingine.

Je, kwa sababu hiyo sherehe ni ya uongo? Hasha. Kila mila ilikuwa na siku yake ya kwanza, na upya wa asili yake hauipunguzii heshima. Lakini anayekubali kuwa babu walikuwa na haki ya kugeuza hawezi tena kuwanyima wajukuu haki hiyo hiyo kwa jina la babu.

Hata hivyo, haki ya kugeuza haisemi ni kitu gani kigeuzwe. Hapo hapana budi kuliuliza lengo la mila. Lengo la moto wa Lerwick ni mji mzima kusimama pamoja mbele ya giza. Sharti la kuwazuia wanawake halikulisaidia lengo hilo. Lilijenga udugu wa wanaume, na udugu ni kitu chema, lakini udugu wa nusu ya watu si umoja wa mji. Tena, mgawanyo wa kazi si dhuluma penye hiari. Dhuluma huingia pale ambapo mmoja huchagua jiko na mwingine hupelekwa jikoni, kisha wote wawili wakaitwa wapishi kwa mapenzi yao.

Mwezi wa Juni 2022, baada ya sherehe kukosekana miaka miwili kwa sababu ya UVIKO-19, halmashauri iliondoa sharti la jinsia. Januari 2024 wanawake na wasichana walitembea kwa mara ya kwanza katika kikosi cha Jarl mwenyewe. Wala mfano huo haukutoka ugenini. Sherehe za namna hiyo katika vijiji vya Shetland zilikuwa zimekwisha kuwapokea wanawake, na mwaka 2015 mwanamke mmoja alikuwa Jarl katika sehemu ya kusini ya kisiwa kikuu. Mji ulikuwa na fundisho kwa jirani zake, si kwa watalii.

Si kweli kuwa hakuna aliyepoteza kitu. Waliopenda usiku ule kwa sababu ulikuwa wa wanaume peke yao walipoteza walichokipenda, na yafaa hasara yao itajwe kwa heshima. Lakini hasara ya kuacha upendeleo hailingani na hasara ya kunyimwa haki. Ya kwanza humwacha mtu na mwenge wake mkononi, akiwa na wenzi zaidi. Ya pili humwacha mtu dirishani.

Jahazi la Lerwick halihifadhiwi. Lingekuwa ndilo mila, mila ingekufa kila Januari. Kinachobaki baada ya moto ni ujuzi wa kuunda jingine, na mapatano ya watu kuliunda pamoja. Basi methali ile isomwe upya. Mwanamke aliyepika na kushona miaka mingi kwa ajili ya sherehe, kisha akaomba mwenge, hakuiacha mila. Aliidai, kama mrithi adaivyo fungu lake.