Viti Vitatu, Mtu Mmoja

Jioni moja ya Agosti 2019 simu yangu iliingia ujumbe mara tatu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimenichagua kusoma Uchumi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuwa kimenipa ualimu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilikuwa kimenipa Uchumi Kilimo. Nilitoka kidato cha sita na EGM, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuitwa hata na chuo kimoja. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Utaratibu ulikuwa wazi. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatumiwa namba ya siri, na kwa namba hiyo anathibitisha chuo kimoja kabla ya tarehe ya mwisho. Mimi nilithibitisha usiku wa siku ya mwisho, saa tano kasoro. Kwa miaka mingi niliamini siku zile zilikuwa zangu, nizitumie nipendavyo. Sasa sina hakika.

Kaka na dada zetu waliotutangulia hawakulijua tatizo hili. Kuanzia 2010 maombi ya shahada yalipita kwenye mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na mfumo ukampangia kila mtu nafasi moja. Ukipangiwa usikokutaka, unanung'unika na kwenda. Mwaka 2017 waombaji wakaanza kuomba vyuoni moja kwa moja. Uhuru uliongezeka, na ndani ya uhuru huo ukaingia uwezekano wa mtu mmoja kukalia viti vitatu.

Viti hivyo havikuja kwa akili tu. Vyuo nilivyoomba vilitoza shilingi 10,000 kila kimoja. Baba alinipa 30,000, nikaenda steshenari ya mjini nikajaza fomu tatu. Rafiki yangu, tuliyelala kitanda cha juu na cha chini kwa miaka miwili, alikuja na 10,000 yake. Matokeo yetu yalikuwa yanakaribiana sana. Alijaza fomu moja, ya Sokoine, kozi ileile ya Uchumi Kilimo ambayo mimi niliiweka kama akiba. Majina yalipotoka, lake halikuwemo.

Kesho yake alikuja nyumbani kunipongeza. Nikampa simu asome jumbe zote tatu, kisha nikamuuliza, "Ungekuwa wewe, ungekwenda wapi?" Hakusita. Alisema, "Nenda Dar. Na uthibitishe leo."

Sikuthibitisha siku ile. Nilijiambia kwamba uamuzi mzito unahitaji muda, na kweli nilikuwa nimekwama kati ya viwili. Baba alitaka ualimu: alisikia walimu wanapata mkopo kwa urahisi zaidi, na mwalimu hata akikosa ajira anabaki kuwa mwalimu. Mimi nilitaka Uchumi kwa sababu nisizoweza kuzieleza mbele yake. Mwanafalsafa Ruth Chang ana maelezo mazuri ya hali kama hii. Anasema machaguo mawili yanaweza yasizidiane wala yasilingane. Hayo yanakaa bega kwa bega, kila moja na uzuri wake, na hapo hakuna mizani ya kukuokoa. Inabidi useme mwenyewe unataka kuwa mtu wa namna gani, halafu uegemee upande huo. Nilipomsoma mara ya kwanza nilifarijika, kwa sababu alinipa jina la heshima kwa kusitasita kwangu.

Faraja hiyo iliisha mwaka huu, kwenye darasa la shahada ya uzamili, tulipofika kwenye makala ya David Gale na Lloyd Shapley ya mwaka 1962 kuhusu udahili wa vyuo na uthabiti wa ndoa. Utaratibu wao ni rahisi kuueleza kwa lugha ya posa. Upande mmoja unaposa, upande wa pili unapokea. Ukiuweka ili vyuo ndivyo vipose, mwanafunzi anashikilia posa moja tu, ile anayoipenda kuliko zote zilizomfikia hadi sasa. Hailazimiki kuwa jibu la mwisho, maana kesho ikija bora ataibadilisha. Lakini zile anazojua hatazikubali anazirudisha papo hapo, ili ziende kwa wanaozisubiri.

Profesa aliendelea na hesabu zake, mimi nikabaki Agosti 2019. Kati ya Dar na Dodoma nilikuwa na haki ya kusitasita. Morogoro sikusitasita hata dakika moja. Nilijua tangu jioni ya kwanza kwamba siendi, na bado nikaishikilia mpaka mwisho.

Najua utetezi wangu. Njia pekee niliyoijua ya kuachia kimoja ilikuwa kuthibitisha kingine. Tarehe ya mwisho haikuwekwa na mimi. Viti vilivyobaki vilirudi kwenye awamu ya pili, na hakuna anayeweza kuonyesha kwamba changu kingemwendea rafiki yangu, maana wapo wengi waliokuwa mbele yake. Yote hayo ni kweli. Mtu anayepima maadili kwa madhara peke yake angeniachilia huru na kuniomba nisimpotezee muda.

Bado najiuliza: siku zile nilikuwa nasubiri nini? Kama ningekuwa nasubiri jibu la Bodi ya Mikopo, au nauli ya kwenda kukiona chuo, kusubiri kungekuwa sehemu ya kufikiri. Hakuna nilichosubiri. Hakuna taarifa mpya iliyonifikia tangu siku ya pili. Kila jioni nilifungua zile jumbe nikazisoma upya, na kila mgeni aliyekuja nyumbani alisimuliwa kwamba kijana anatakiwa na vyuo vitatu. Nilijua kwamba nikithibitisha, nitarudi kuwa mwanafunzi mmoja wa chuo kimoja. Nilikuwa nafaidi kutakiwa, na raha hiyo niliiita kutafakari.

Ninachokiamini sasa ni kwamba aliyepewa nafasi ya kuchagua ana haki ya muda wote ambao fikra zake zinausogeza uamuzi. Fikra zikisimama, muda unaobaki unapita kwa gharama ya waliopo nyuma yake kwenye foleni, hata kama sheria inauita wake.

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani. Rafiki yangu alikaa mwaka mzima bila chuo, akasaidia dukani kwa mjomba wake, kisha akasoma stashahada ya kilimo. Leo ni afisa ugani, ana pikipiki, na wakulima wanamjua kuliko diwani. Tulikunywa chai na chapati kwenye mgahawa wa stendi, nikamweleza habari za Gale na Shapley, nikijichekesha kidogo ili isiwe kama naungama.

Alisikiliza hadi mwisho. "Mimi nilikwambia leo," alisema.

Nikamuuliza kwa nini alisema vile.

Akakata chapati, akaichovya kwenye chai. "Nilifikiri ukiiachia mapema, labda," alisema, kisha akamwita mhudumu atuongezee chai, na akagoma kabisa nisilipe.