Ekseli Iliyokatika

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja wilayani Bariadi, tukiwa bado mkoa wa Shinyanga. Shule ilikuwa na shamba la pamba na tela la ng'ombe. Siku moja ekseli ilikatika njiani kwenda kituo cha kununulia pamba, mwendeshaji akiwa mwanafunzi wa darasa la saba. Nilimwita baba yake. Mzee hakubisha, aliuza mbuzi wawili, akalipa.

Fundi alinionyesha mahali chuma kilipokatikia. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi kwa kutu; kipande kidogo tu pembeni kilimetameta kama chuma kipya. Nilikiona. Sikuuliza kitu.

Kutu ile, msomaji, haikuingia kwa siku moja. Mwaka 1842 ekseli ya treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, watu wengi wakafa. Baadaye Mjerumani August Wöhler alizijaribu ekseli za treni kwa miaka mingi, akaona kwamba mzigo usioweza kuvunja chuma mara moja hukivunja ukikipinda mara nyingi mno. Mwaka 1903, nchini Uingereza, Ewing na Humfrey walisugua chuma kikang'aa kama kioo, wakakipinda huku na huku, wakakichungulia kwa hadubini. Waliona mistari myembamba juu ya punje za chuma. Mistari ikapanuka, hatimaye ikawa nyufa. Kwa macho matupu kingeonekana kizima.

Basi ekseli yetu ilivunjwa na nani? Wapo watakaosema ni kijana, kwani asingepita shimo lile isingekatika siku ile. Ni kweli, lakini hilo laeleza kwa nini ilikatika Jumatano badala ya Ijumaa, basi. Mashimo ya miaka ya nyuma, na walioyapitia, sikuyaandika popote.

Tena Wöhler aligundua jambo linalonisumbua zaidi: chini ya kiwango fulani cha mzigo, chuma huvumilia kupindwa mara mamilioni bila kukatika. Na mzigo wa tela lile niliupanga mimi. Misimu mitatu mfululizo niliamuru magunia yaongezwe ili tupunguze safari.

Mzee alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumrudia. Mwanawe sasa ni mtu wa makamo, ana tela lake. Tukikutana mnadani huwahi kuniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nami huitikia. Fedha ya mbuzi wawili bado sijamtajia.