Waliobomoa Dari

Soma Marko 2:1–12. Ni akina nani waliomzuia mgonjwa kumfikia Yesu?

Waliouziba mlango kule Kapernaumu wengi wao hawakuwa adui wa Yesu. Walikuwa watu waliokuja kulisikiliza neno Lake. Nyuso zao zilimwelekea Mwalimu, na migongo yao ikawa ukuta kwa mtu aliyekuwa nje.

Kanisa linalofundisha kujiepusha na kileo laweza kujikuta mahali hapo hapo. Mafundisho ya kiasi ni ya kweli, nayo yameokoa nyumba nyingi. Lakini muumini aliyenaswa na pombe hujifunza upesi kujificha. Hutafuna peremende kabla ya ibada, huketi kiti cha nyuma, hutoa udhuru wa homa Sabato baada ya Sabato. Anahofu kwamba akisema, jina lake litafika kwenye baraza la kanisa kabla halijafika kwenye maombi. Basi huomba peke yake, huapa peke yake, na huanguka peke yake.

Soma Yakobo 5:16 na Mhubiri 4:9, 10. Kwa nini uponyaji unaunganishwa na kuungama mmoja kwa mwingine?

Mungu husikia maombi ya sirini (Mathayo 6:6), na wako walioacha pombe bila kumwambia mtu. Hata hivyo, kwa wengi siri ndiyo chakula cha uraibu. Mlevi anapoketi na mlevi mwenzake aliyeacha, hahitaji tena kujifanya mzima.

Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikuwa mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa amekaa miezi mitano bila kunywa. Shughuli iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na kando ya ukumbi wa hoteli palikuwa na baa. Alitambua kwamba ili asinywe, alihitaji kuzungumza na mlevi mwingine. Akatazama orodha ya makanisa, akampigia simu mchungaji mmoja. Kutokana na simu hiyo alielekezwa kwa mtu baada ya mtu, hadi akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekuwa ameshindwa kuacha pombe kwa miaka mingi. Daktari alikubali kukaa robo saa tu. Wakazungumza kwa saa nyingi. Baadaye Bob alianguka tena, akainuliwa, na tarehe 10 Juni 1935 akanywa kwa mara ya mwisho. Siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, ambayo leo ina mikutano katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo.

Wilson hakwenda kwa Bob kama mzima aendaye kwa mgonjwa. Alikwenda kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hatarini. Aliyetaka kusaidiwa alisaidiwa kwa kusaidia. Na njia ya kumfikia Bob ilianzia kwenye simu ya mchungaji.

Je, ni upungufu wa imani? Wengine husita kwa sababu kundi hilo humtaja Mungu kwa jinsi kila mmoja anavyomwelewa, wala halimhubiri Kristo. Tofauti hiyo ni ya kweli, na kundi haliwezi kuchukua nafasi ya msalaba. Lakini Hezekia, akiwa tayari amepewa ahadi ya kupona, aliwekewa mkate wa tini juu ya jipu (2 Wafalme 20:5–7). Tini hazikushindana na ahadi. Vivyo hivyo, wale wanne hawakumponya aliyepooza; walimfikisha kwa Mponyaji. Mwamini aketiye katika kundi anajua ni nani amwombaye.

Anayetafuta mkutano aweza kuanza kwa kuuliza hospitalini, kwa mshauri wa waraibu au kwenye kituo cha kurekebisha waraibu. Mikutano ya wazi humpokea yeyote, hata mke au mzazi; mingine ni ya wenye tatizo la pombe peke yao. Hakuna ada, majina kamili hayatakiwi, na mgeni aweza kusikiliza tu. Mkutano mmoja usipomfaa, ajaribu mwingine. Lakini aliyekunywa sana kwa muda mrefu amwone daktari kabla ya kuacha ghafla, kwa maana mwili waweza kupata degedege hata kumletea kifo.

Kazi iliyobaki ni ya kanisa. Mzee wa kanisa ajue mkutano ulio karibu unafanyika wapi na siku gani, na awe tayari kumsindikiza muumini hadi mlangoni. Anayeambiwa siri aitunze (Mithali 11:13). Na mtu akianguka tena, Wagalatia 6:1, 2 haihesabu mara ngapi atarejezwa.

Dari la Kapernaumu lilikuwa la mtu, na lilibomolewa. Marko hataji aliyelalamika.

Maswali ya Kujadili

1. Mtu akitaka kuungama katika darasa lenu kwamba anakunywa pombe, angemwendea nani? Kwa nini huyo?

2. Baraza la kanisa litawezaje kulinda ushuhuda wa kanisa bila kuuziba mlango?

3. Ni "dari" gani ambalo kundi lenu lingepaswa kukubali libomolewe?