Nyasi Nazo Zina Haki ya Kupumzika

Tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti 2024, upande wa Tanzania, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaane. Kibirizi na Katonga mitumbwi ililala mchangani. Wavuvi walinung'unika, wala hatuwalaumu: miezi mitatu bila dagaa ni mirefu kwa mwenye watoto. Je, ni haki kumdai mvuvi apumzishe ziwa, na mfugaji wa bonde la Malagarasi asidaiwe kitu?

Wengi hudhani malisho huharibika kwa wingi wa ng'ombe tu. Sivyo kabisa. Ng'ombe 50 waliokaa mahali pamoja waweza kuharibu kuliko 100 wanaohamishwa. Wakati wa kiangazi kundi hubaki karibu na maji. Hapo hula jani lile lile kabla halijapata nguvu. Mizizi hudhoofika, kwato huushindilia udongo, mvua haipenyi, maji huteremka na tope. Mbali kidogo na pale nyasi ndefu zimesimama zimekauka, hapana aliyezigusa, zangoja moto.

Tope hilo lawahusu hata watu wa Ujiji. Malagarasi hupita Uvinza na kuingia ziwani kusini ya mji wao. Na tope likifunika mawe ya ukingoni, samaki wazaliao hapo hupata taabu.

Nani mkosaji? Kila mfugaji peke yake hana kosa: amempeleka mnyama mwenye kiu majini. Kosa ni la wote, na kosa la wote, kama ajuavyo kila mkaa kijijini, halina wa kulikiri.

Wala tusiseme wafugaji hawajui. Wasukuma, ambao wengi wamehamia Uvinza, wana desturi ya ngitili: malisho hufungwa mvua zianzapo, hufunguliwa katikati ya kiangazi. Huko Shinyanga mpango wa HASHI, ulioanza 1986, uliifufua, na mamia ya maelfu ya hekta yakaota majani na miti tena.

Lakini ngitili yamtaka mtu awe na hakika ya kuwapo siku ya kufungua. Anayehofu kufukuzwa kesho ampumzishie nani nyasi? Mvuvi aliambiwa siku ya kurudi ziwani. Basi mfugaji naye apewe kwanza eneo lenye mipaka, na maji mahali pa mbali, ndipo adaiwe. Na mabwawa hayo yafungwe kwa zamu, ama sivyo uharibifu utahamia huko.