Magurudumu Yasiyotazama Njia Moja

Somo: Mithali 4:25–27

Katika somo hili baba amfundisha mwanawe jinsi ya kwenda: aangalie aendako, aipime njia yake, asiiache. Sisi tulidhani twalifahamu neno hili, hata tulipofundishwa na motokaa.

Mwaka jana tulikuwa tukienda kuwatazama Wakristo wa mtaa wa mbali. Gurudumu la mbele la kushoto likaingia shimoni kwa kishindo. Tukashuka, tukatazama, tusione dhara, tukaendelea. Tangu siku ile motokaa ilivuta kushoto. Kijana aliyeiendesha akatuambia, “Baba Mchungaji, twende kwa fundi.” Tukamjibu, “Wewe shika usukani vema, itakwenda.” Naye akashika, ikaenda. Miezi mitatu ikapita. Siku moja ya mvua tairi lile likapasuka, motokaa ikaingia mtaroni, na mzee mmoja wa kanisa akavunjika mkono. Twamshukuru Mungu hakufa mtu. Walakini twajua ya kuwa mkono ule ulivunjwa na jibu letu.

Fundi akatuonyesha tairi. Upande wa nje ulikuwa ungali mzima; upande wa ndani, usioonekana na mtu apitaye, ulikuwa umelika hata nyuzi zikatokea. Akatueleza hivi: Magurudumu ya mbele yapasa kutazama njia moja. Gurudumu likitazama kando, halibingiriki tu, bali huburutwa. Likipotoka kwa digrii 1 peke yake, huburutwa kando kama mita 17 katika kila kilomita. Basi toka Moshi hata Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi, limesuguliwa zaidi ya kilomita 1. Ni kitu gani kitakachoburutwa hivyo kisichakae?

Tena gurudumu laweza kuinama, juu yake kuelekea ndani au nje, likala ukingo mmoja. Na ule mhimili ambao gurudumu hugeukia umelazwa nyuma kidogo, ili usukani urudi wenyewe baada ya kona. Mlazo huo ukitofautiana kushoto na kulia, motokaa huvuta upande. Kupima na kusahihisha mambo haya matatu ndiko mafundi wanakokuita alaimenti. Si sawa na kubalansi, ambako ni kusawazisha uzito wa gurudumu lisitetemeke katika mwendo wa kasi.

Ndipo tukamwuliza, “Mbona ilikwenda sawa siku zote zile?” Akajibu, “Haikwenda sawa. Mikono ya dereva ndiyo iliyoilazimisha.”

Ndugu, neno hili lilituchoma. Ni nyumba ngapi zisifiwazo kuwa zina amani, kumbe mama ndiye anyamazaye kila siku ili baba asikasirike? Ni sharika ngapi twaziandika kuwa zaenda vema, kumbe wazee wawili hawasemezani, na mwinjilisti huchukua maneno ya huyu kwa yule juma baada ya juma, hata nguvu zake zimekwisha? Nje mambo yaonekana mazima. Lakini yupo achakaaye upande wa ndani, nasi twamwambia tu, “Shika vema, itakwenda.”

Basi fundi alifanyaje? Hakuanza kwa kulinganisha. Kwanza alipima upepo wa matairi, kisha akavitikisa viungo vya usukani kimoja kimoja. Kilicholegea alikibadili, kwa kuwa kulinganisha magurudumu juu ya kiungo kilicholegea ni kazi bure. Shimo la kwanza litayapotosha tena. Baada ya hayo ndipo alipoyapima magurudumu yote manne. Hakuyaamini macho yake. Alitumia kipimo, kama mafundi wa zamani walivyotumia uzi ulionyoshwa.

Nasi vivyo hivyo. Wenye ugomvi wakipeana mikono mbele ya madhabahu, na kinyongo kikibaki ndani, kiungo kingali kimelegea. Toba yaanzia hapo. Wala tusijipime kwa jirani, maana labda naye amepotoka. Amosi katika sura ya 7 alionyeshwa timazi la Bwana katikati ya watu wake. Hilo ndilo kipimo chetu.

Ninyi mlio na motokaa, msikawie kama tulivyokawia sisi. Ikivuta upande, usukani ukikaa mshazari katika njia iliyonyoka, tairi likilika ukingo mmoja, au mkianguka katika shimo kwa kishindo, nendeni kwa fundi mapema. Nanyi mlio na nyumba na sharika, mwulizeni leo yule ashikaye usukani kwa nguvu: Je, mikono yako imechoka?

Sisi tumekwisha kumwomba radhi mzee yule, na kijana yule pia. Bwana atunyoshe sote, tungali njiani. Amina.