Je, Mpita-njia Aweza Kupenda?

Sisi watu wa Kivu tumezoea kuwaona. Gari kubwa jeupe linapita, antene yake ndefu inayumba. Ndani yake kijana aliyetoka Ufaransa, ao Kenya, ao Brezili. Kontra yake ni ya miezi sita. Mwaka uliopita alikuwa Haiti, mwaka ujao pengine atakuwa Sudani. Anagawa unga, anatengeneza visima, anaandika majina ya watu waliokimbia vita. Halafu siku moja tunasikia kwamba amekwenda. Mwingine amefika, anaanza kuuliza maulizo yale yale, na wazee wanajibu tena kwa uvumilivu, kana kwamba hawajaulizwa bado.

Watu wanasema mengi juu yao. Wengine wanawasifu kama watakatifu. Wengine wanasema: hao wanafuata mshahara, na taabu yetu ndiyo shamba lao. Maneno yote mawili ni mepesi mno. Sisi twataka kuuliza jambo lililo gumu zaidi: mtu anayepita tu, aweza kupenda kweli? Ao mapendo yanadai kukaa?

Wasomaji wapenzi, Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa habari ya watu wa safari. Kuhani alikuwa njiani, Mlawi alikuwa njiani, Msamaria vilevile. Basi kupita si zambi. Wala Injili haisemi kwamba Msamaria alihamia Yeriko ili amtunze yule mtu siku zote. Alilala usiku mmoja, kesho yake akaenda zake. Lakini tuangalie vizuri alivyokwenda. Kwanza alimgusa kwa mikono yake, akamwagia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe, maana yake yeye alitembea kwa miguu. Kisha alitoa dinari mbili, na juu ya dinari hizo akajifunga deni: utakalotumia zaidi, nitakulipa nitakaporudi. Mpita-njia huyu aliacha deni nyuma yake kwa kupenda.

Na yule mwenye nyumba ya wageni? Twamsahau kila mara. Ni yeye aliyeamka usiku mgonjwa alipolia, ni yeye aliyebadili vitambaa. Hatujasikia hotuba hata moja juu yake.

Mwaka 1859 mfanya-biashara mmoja wa Geneva, Henri Dunant, alikuwa safarini katika Italia. Hakuja kusaidia mtu. Alimtafuta Napoleon III, mfalme mkuu wa Wafaransa, kwa ajili ya biashara yake ya Aljeria. Tarehe 24 Juni majeshi yakapigana Solferino, na watu karibu 40,000 wakauawa ao wakajeruhiwa. Majeruhi wakajaa katika mji wa Castiglione, hata ndani ya kanisa kubwa. Dunant akaweka biashara kando, akakaa siku chache akiwapa maji na kuwafunga vidonda. Kisha akaondoka. Lakini mambo aliyoyaona hayakumwacha: mwaka 1862 akatoa kitabu, na mwaka 1863 kazi ya Msalaba Mwekundu ikaanzishwa Geneva. Tuseme basi kwamba mpita-njia huyu alirudi. Lakini wanawake wa Castiglione, waliowaosha majeruhi wa kila jeshi bila kuchagua, wao hawakuondoka. Walibaki na vitanda na harufu na makaburi. Wakristu wangapi wamesikia habari zao?

Hata hapa kwetu ni vivyo hivyo. Mgeni wa shirika ana shofere, ana zamu, ana mkalimani, ana muuguzi wa kijiji. Ndio wanaojua njia, na duniani pote wafanyakazi wa msaada wanaouawa kazini ni zaidi wenyeji kuliko wageni. Tarehe 22 Februari 2021, karibu na Kibumba, balozi wa Italia Luca Attanasio aliuawa pamoja na mlinzi wake Vittorio Iacovacci na shofere Mustapha Milambo. Ulaya walimlilia balozi, na ilikuwa haki. Sisi tuliomba kwa ajili ya wote watatu.

Tumtazame na Mtakatifu Paulo, mtu wa safari kupita wengi. Alikusanya sadaka katika Makedonia na Akaya kwa ajili ya masikini wa Yerusalemu. Katika waraka wa pili kwa Wakorinto, sura ya 8, twaona kwamba hakutaka kuishika feza ile peke yake. Aliweka wenzake waliochaguliwa, ili mtu asimlaumu. Na mwishoni mwa waraka kwa Waroma anawasalimu watu wengi kwa majina, Priska na Akwila, Epaineto, mama wa Rufo, katika mji ambao yeye mwenyewe alikuwa hajaufikia bado! Mtu aweza kuandika majina elfu kwenye karatasi ya kugawa unga, asijue hata moja kati yake. Na pompi ya maji ikivunjika mwezi wa saba, yeye hayupo aione.

Lakini pengine kuondoka ni kazi ya zamiri. Katika siku chache za Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda waliingia Goma. Kolera ikaua makumi ya maelfu. Mashirika yaliokoa wengi sana. Lakini kambini wakubwa waliopanga mauaji kwao walikuwa wakitawala watu na chakula. Mwisho wa mwaka ule tawi la Ufaransa la Médecins Sans Frontières likaondoka, lisiwalishe wauaji; wengine wakabaki, wasiwaache watoto. Sisi twaona kwamba pande zote mbili walipenda, na pande zote mbili walilipa.

Na kwao je? Mama yake anazeeka bila yeye. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana anawakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, ya Mungu, wapate kuwanyima wazazi. Lakini Bwana yuleyule aliita watu waache nyumba na baba na mama. Maneno haya mawili hayakai pamoja kwa urahisi, na padri anayekuambia ni rahisi, labda mama yake yu karibu.

Sasa tuseme na zambi yetu. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumegeuza neno hili kuwa mfuko. Twaongeza majina ya watoto wasiokuwapo kwenye karatasi. Twamwita mgeni rafiki mpaka unga unaisha. Kisha twashangaa kwamba hatupendi. Je, sisi tunalijua jina lake? Siku anapoondoka, nani anakwenda kumuaga, asipokuwa zamu wake?

Luka hasemi kama yule Msamaria alirudi. Anatuachia mwenye nyumba ya wageni, dinari mbili mkononi, na mgonjwa ndani.